Nukta Baada ya Maji

Watu wa mji huu wananidharau, lakini kila asubuhi kila mmoja wao ananitumia mzigo. Tajiri anatuma, mlinzi wake anatuma, na mizigo yao ikifika kwangu haina cheo wala ukoo. Nafanya kazi kwenye mtambo wa kusafisha majitaka, kule mwisho wa mji, mabomba yote yanakokutana. Ukivuta maji chooni ukasikia vitu vimeenda, ujue havijaenda popote. Vimekuja kwetu.

Mimi niko mlangoni kabisa, kwenye wavu wa nondo. Majitaka yote hupita hapo kabla ya kuingia kwenye mabwawa, na mimi na mwenzangu tunasimama na reki tukitoa kilichokwama. Mavi hayakwami, hayana ubishi. Kinachokwama ni kile ambacho hakikuwa na sababu ya kuwepo chooni: nepi, vijiko, simu, vichwa vya wanasesere. Niliwahi kutoa suruali nzima, na mpaka leo huwa najiuliza mwenyewe alirudije sebuleni.

Na meno. Meno ya bandia yanaletwa na maji mara nyingi kuliko mnavyodhani. Mtu anainama kutapika, au anapiga chafya, yanamchomoka. Haji mtu kuyadai, maana pale getini angeanzaje maneno? Kwa hiyo tunayaosha na kuyaweka kwenye ndoo ya klorini stoo, juu ya rafu. Ndoo hiyo tunaiita Bunge. Jina alilitoa mwenzangu wa zamu, Pua, anayeitwa hivyo kwa sababu akinusa tu hewa ya wavuni anakwambia mtaa gani ulikuwa na sherehe jana. "Midomo mingi imekaa pamoja, imelowa, na hakuna hoja inayotoka," alisema. Tangu hapo, tukipata meno mapya, tunatangaza kwamba Bunge limepata mheshimiwa.

Sasa nimlete mama mkwe wangu, maana bila yeye hakuna hadithi.

Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, ila yeye mwenyewe hakuambiwa kwamba amestaafu. Akimaliza kusema jambo husema "Nukta," na hapo mjadala umefungwa. Mji mzima humwita Mama Nukta, akiwa hayupo. Kwangu huja na chupa yake ya chai na kikombe chake. Kabla ya kukaa kwenye kiti changu hutandika kitambaa. Mkono wangu huupokea kwa ncha za vidole viwili, kama anaokota panya kwa mkia. Mimi, ninayeoga mara tatu kwa siku na kusugua kucha kuliko daktari wa upasuaji!

Siku nilipomuoa binti yake alinivuta pembeni akanifundisha somo langu la kwanza.

"Ukiulizwa unafanya kazi wapi, sema: nafanya kazi maji. Halafu funga mdomo."

"Lakini mama, neno lenyewe ni majitaka. Ni neno moja."

"Mwalimu ni nani hapa, mimi au wewe? Nukta inakaa baada ya 'maji'."

Na kweli ikakaa. Miaka yote ya ndoa yangu, mbele za watu, nimekuwa nusu ya neno.

Ndipo binti yangu, mtoto wangu wa pekee, akapata mchumba. Kijana mzuri, anacheka kwa sauti, anatoka kwenye ukoo wa mafundi cherehani wanaoshona suti za harusi na magauni meupe ya mji huu. Wazee wake wakaleta habari kwamba Jumamosi watakuja nyumbani kumuomba rasmi, na msemaji wao atakuwa babu wa kijana, fundi mkuu mstaafu. Upande wetu msemaji hakuwa na mpinzani. Mama Nukta alihamia kwangu wiki nzima kabla, na sanduku, na chupa yake, na kitambaa chake.

Jioni ya kwanza tu akatoa hukumu, tumekaa wote sebuleni.

"Hawa ni watu wa vitambaa vyeupe. Hawawezi kuja kukuta mambo ya kule kazini kwenu. Jumamosi baba wa binti yuko safarini."

"Safari ya wapi, mama?" nikauliza.

"Ya kikazi."

"Bibi!" binti yangu akaruka. "Baba asipokuwepo na mimi sitokei. Halafu mwenzangu anajua baba anafanya kazi gani. Nilishamwambia."

"Anajua yeye. Wazee wake hawajui, na wazee ndio wanaokuja. Akikaa yeye, mimi sisemi. Tafuteni msemaji mwingine. Nukta."

Msemaji mwingine hatukuwa naye. Baba mkwe alishatangulia mbele ya haki, ndugu zangu wako mbali, na mke wangu mbele ya mama yake hurudi darasa la tatu. Nikamtazama binti yangu, nikasema sawa, nitasafiri. Iliniuma. Sitaki kupamba maneno hapa: iliniuma mpaka chakula kilinishinda. Mtoto nimembeba mgongoni, nimemfundisha kuendesha baiskeli, halafu siku anayoombwa mimi nifichwe kama ndoo ya kudekia.

Alhamisi asubuhi nilikuwa kwenye korido na taulo begani, nasubiri choo. Ndani alikuwa Mama Nukta. Alikuwa akifanyia mazoezi hotuba yake humo, kwa sababu mle sauti inarudi vizuri. Nilimsikia anajisafisha koo.

"Ndugu wageni wetu, kwa furaha isiyo kifani..."

Lile "furaha" alilitia nguvu kupita kiasi. Nikasikia kitu kikigonga kauri, kisha nikasikia maji, maana mkono wake ulikuwa tayari kwenye mpini wa kuvutia maji. Kisha mlango ukafunguka, na mwalimu mkuu akasimama mbele yangu ameziba mdomo kwa kiganja.

"Thimamitha maji!" akaniamuru.

"Mama?"

"Meno yangu! Thimamitha maji!"

Maji ya choo hayajui mwalimu mkuu. Nilimweleza kwa adabu kwamba hapo yalipo meno yameshapita chini ya barabara. Akaingia chumbani akafunga kwa funguo.

"Thitoki!" tukamsikia nyuma ya mlango. "Thithemi! Thionekani! Nukta."

Ile "nukta" ilitoka safi kabisa.

Mke wangu alinishika shati akanivuta mpaka jikoni. "Mume wangu, hii si ndiyo kazi yako? Kayatafute."

"Na asionekane. Tusafiri wote, mimi na yeye."

"Usifanye utani. Wageni wanakuja keshokutwa, msemaji hana meno. Miaka yote hii nimeivumilia harufu, leo nifae."

"Miaka yote hii ulikuwa unasema sinuki!"

"Leo si siku ya kuchambua nani alisema nini."

Nilikuwa na majibu matano mdomoni, yote ya moto. Ila nilipopita mlangoni kwa binti yangu nilimwona amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika gauni la Jumamosi, anashona upya kifungo ambacho hakikuwa kimekatika. Nikavaa mabuti yangu nikaenda kazini.

Pua alipopata habari alicheka mpaka akaegemea reki. Lakini ni rafiki. Tulisimama wote wavuni, tumekodoa macho.

"Mtaa wenu haujafika," akasema akinusa. "Hawa ni wale wa karibu na soko."

Ukafika mtaa wetu, ukapita. Tulitoa matambara, tukatoa mswaki, tukatoa kofia. Meno hayakuja. Ijumaa nayo hayakuja, na hilo halikunishangaza. Meno ni mazito. Hulala chini kwenye bomba mpaka inyeshe mvua kubwa ya kuyasukuma, na mengine hukaa humo msimu mzima. Mvua yenyewe haikuwepo hata kwenye mawazo ya mawingu.

"Sikiliza," Pua akasema tulipokuwa tunanawa. "Bunge lina waheshimiwa watano. Si uteue mmoja?"

"Ni meno ya watu hayo!"

"Walikuja kuyadai?"

"Mama mkwe atajua."

"Mama mkwe anataka meno au anataka yale meno? Kuna tofauti."

Tukaingia stoo, tukashusha Bunge. Meno ya kwanza yalikuwa makubwa mno, ya mtu aliyezaliwa kutangaza dawa ya mswaki. Mengine yalikuwa na jino la dhahabu, na mengine ni ya chini, wakati Mama Nukta alipoteza ya juu. Ya nne yalikuwa yamepasuka katikati. Lakini ya tano, sahani ya juu nzima, yalikuwa ya heshima: meno ya wastani, yasiyojisifu, rangi ile ile ya Mama Nukta kwa kadiri nilivyokumbuka. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kijipengo chembamba kwenye ncha ya jino la mbele.

Niliyaloweka kwenye klorini mpya, nikayasugua kwa mswaki uliotoka dukani, nikayaloweka tena, nikayasuuza, nikayasugua tena. Bwana afya mwenyewe angeyavaa bila kuuliza. Nikayafunga kwenye kitambaa safi nikarudi nyumbani. Mke wangu alipoyaona alinikumbatia, nami sikumwambia yametoka Bunge. Kuna habari ambazo ndoa haizihitaji.

Mlango wa mama mkwe ukafunguka upana wa mkono. Mkono ukatoka, ukayachukua, ukafunga. Tukasubiri koridoni, mimi na mke wangu na binti yetu, kama watu wa familia nje ya chumba cha kujifungulia.

"Hili la mbele limemomonyoka," sauti ikasema.

"Safari ilikuwa ngumu, mama."

"Yanachedha."

"Ongeza ile gundi yako."

Kisha, kutoka ndani, taratibu: "Sasa. Saa sita. Shangazi anasuka. Furaha isiyo kifani." Ikaja mara ya pili, kwa nguvu: "Furaha!" Meno yakashika. Binti yangu akaruka juu akapiga makofi.

Mama Nukta akatoka, amenyooka, ameshakuwa mwalimu mkuu tena. Akanitazama. "Yalikuwa wapi?"

"Yalikwama kwenye kona ya bomba, hapa hapa chini ya ukuta. Hayakufika mbali."

Akaitikia kwa kichwa. Nilidhani atasema asante. Mdomo alikuwa nao, na meno yalikuwemo.

"Kesho uondoke mapema," akasema. "Wasije wakakukuta getini."

Jumamosi nikavaa suti yangu ya harusi, ambayo sasa hufunga kifungo kimoja tu kwa hisani, nikachukua begi nikatoka getini, majirani wakaniona wakanitakia safari njema. Nikazunguka uchochoro nikarudi kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nimekubali kutoonekana, lakini sikukubali kutosikia. Nilitaka kumsikia binti yangu akiulizwa kama amekubali, na nilitaka kusikia jibu lake kwa masikio yangu. Sehemu pekee ndani ya nyumba yangu ambako sebule yote inasikika ni chooni, maana mlango wake unatazamana na sebule, na juu yake kuna kidirisha cha hewa. Mke wangu akaniingiza, akafunga, na kwa nje akabandika karatasi ili mgeni asije akaingia. Alikuwa ameandika: CHOO KIBOVU.

Kibovu! Nyumbani kwangu! Nimezibua mitaa mizima ya mji huu, halafu wageni wa binti yangu waondoke wakijua kwamba choo changu hakifanyi kazi. Nikafunika kiti cha choo nikakaa juu yake na suti yangu, nikameza hiyo nayo.

Wageni wakaingia: babu fundi, mwanawe ambaye ndiye baba wa kijana, mama wa kijana, na kijana mwenyewe. Kwa kidirisha, nikisimama juu ya kiti, niliona vichwa vyao. Babu alikuwa mzee mwembamba, suti imemkaa utadhani alizaliwa nayo, mdomo umemwingia ndani.

Mama Nukta akasimama. Mwenye haki mpe haki yake: alisema vizuri. Furaha isiyo kifani ikapita salama. Akasifu ukoo wao, akasifu wetu, kila "s" imenyooka, kila "f" imekaa mahali pake, nami kule juu ya choo nikaona fahari kidogo, maana kazi yangu ilikuwa inaonekana hata kama mimi sionekani. Kisha akasema, "Baba wa binti ameshindwa kuwa nasi. Yuko safari ya kikazi. Ni mtu wa maji." Akaweka kituo pale pale anapokiweka siku zote.

Nilishuka nikakaa. Niliangalia viatu vyangu kwa muda.

Babu akainuka kujibu. "Thithi tumefurahi thana," akaanza, na mimi nikashtuka, maana lahaja hiyo nilishaizoea tangu Alhamisi. "Mama amethema maneno madhuri thana, na..." Akanyamaza. Nikapanda tena kidirishani. Babu alikuwa ametoa miwani mfukoni, anaivaa, ameinama kuelekea mdomo wa Mama Nukta.

"Mama, thamahani thana. Cheka tena kidogo."

"Nicheke?"

"Kidogo tu."

Mama Nukta hakuwahi kuombwa kitu cha namna hiyo na mtu mzima, na kwa mshangao akatii. Akacheka, "He he."

"Ndilo!" Babu akapiga goti lake. "Lile pengo la mbele! Lile ni pengo la udhi!"

"Udhi gani, mzee?" mama mkwe akauliza, ameanza kukasirika. "Nani amekuudhi?"

"Udhi! Udhi wa cherehani! Maitha yangu yote nakata udhi kwa jino. Meno yangu yakaitha, nikatengenedhewa haya, nayo nikayakatia udhi. Hayo meno ni yangu!"

Mimi nikashika kidirisha kwa mikono yote miwili. Mji una watu maelfu kwa maelfu, na mimi nimechagua meno ya babu mkwe wa binti yangu.

Wa kwanza kusema ni baba wa kijana. "Baba. Si ulituambia vibaka walikukaba wakakuibia meno?"

Babu akavua miwani, akaanza kuifuta.

"Tulikwenda polisi! Niliandikisha maelezo! Askari akaniuliza meno ya rangi gani!"

"Thikuibiwa," babu akasema kwa sauti ndogo. "Nilipiga chafya. Nilikuwa chooni. Ningewaambiaje, mimi mkuu wa ukoo?"

Kijana akaanza kucheka, mama yake akamfinya. Kisha macho yote yakageuka pole pole kwa Mama Nukta, maana swali lilikuwa limebaki moja, na lilikuwa zito kuliko la polisi. Kama meno ya babu yaliingia chooni, yamefikaje mdomoni mwa mwalimu mkuu?

Nilijua uongo anao. Angesema amenunua, angesema daktari ndiye aliyempa, na watu wangeuamini kwa sababu ya ile sauti. Kama asingedanganya, binti yangu angepoteza mchumba hapo hapo mbele ya sahani za vitafunio. Nilimtazama mtoto wangu. Alikuwa amefumba macho.

Mama Nukta akageuza kichwa akatazama mlango wa choo. Moja kwa moja kwenye kidirisha, machoni mwangu. Alikuwa anajua tangu mwanzo kwamba nimo. Mwalimu mkuu anajua siku zote nani amejificha chooni.

Akaingiza vidole mdomoni, akayatoa meno. Akayatumbukiza kwenye bilauri ya maji iliyokuwa mezani mbele yake, mbele ya watu wa vitambaa vyeupe, akafuta vidole kwa kile kitambaa chake cha kukalia.

"Mwenye nyumba hakuthafiri," akasema. "Nimedanganya. Yuko chooni."

Mama wa kijana akaweka kikombe chini.

"Nilipotedha meno yangu, yeye ndiye aliyenitafutia haya. Amenitafutia meno, na mimi nikayatumia kuthema hayupo." Kidevu kikamtetemeka. Sikuwahi kuona kidevu hicho kikitetemeka, hata kwenye msiba wa mumewe. Kisha akarudi alivyo. "Wewe! Toka huko! La meno ya mtu mwingine tutadhungumdha baadaye. Nukta."

Nikatoka. Ingekuwa vizuri kusema nilitoka kwa heshima, lakini karatasi ya CHOO KIBOVU ilikuwa imening'inia mlangoni kwa gundi upande mmoja, ikanibandikia begani, nami nikaingia sebuleni nayo bila kujua. Binti yangu alifumbua macho, akaisoma, akacheka kicheko kimoja kikubwa kilichochanganyika na kilio. Alikuja akaibandua, akanishika mkono, akanikalisha kwenye kiti kilichokuwa wazi pembeni yake. Nilikuwa sijui kwamba alikiacha wazi tangu asubuhi.

Babu alikuwa ameshika bilauri juu, anayatazama meno yake kwenye mwanga.

"Wewe ndiye uliyeyaokota?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Yalikuwa wapi thiku dhote hidho?"

"Yalikuwa Bungeni, mzee." Ikabidi nieleze. Nilieleza habari za wavu na ndoo, na wale waheshimiwa wanne waliobaki. Baba wa kijana aliuma mdomo. Kijana wala hakujaribu kuuma, alikuwa ameshalala begani kwa mama yake kwa kicheko.

"Uliyathafitha?"

"Kwa klorini mara mbili, mzee. Na kwa mswaki mpya. Na baada ya hapo..." Nikamtazama mama mkwe. "Baada ya hapo yamekaa mahali pasafi sana."

Babu akafikiri. Alimtazama Mama Nukta, akayatazama meno, akamtazama tena Mama Nukta, ambaye alikuwa amekaza macho ukutani. Kisha akayasuuza kwenye bilauri, akayakung'uta, akayarudisha kwao. Mdomo wake ukajaa. Sura ikarudi miaka kumi nyuma. Akajaribu ulimi.

"Sasa," akasema, na akatabasamu kwa utamu wa herufi yenyewe. "Sasa, sasa, sasa. Ndugu zangu, ukoo mmoja una meno ya ukoo mwingine. Hapa tunaomba nini tena? Sisi tumeshachanganyika. Lakini nilikuja kuuliza maswali, na nitayauliza. Nimuulize kwanza baba wa binti." Akanigeukia, amenyooka, fundi mkuu na suti yake. "Mwanangu, wewe unafanya kazi wapi?"

Swali hilo nimeulizwa kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye mikutano ya wazazi shuleni, na mwili wangu unajua jibu wenyewe bila kuniuliza. Nilitazama mikono yangu. Nilimtazama binti yangu, kisha mama mkwe wangu, aliyekaa kwenye kiti changu bila kitambaa chini yake, amefumba mdomo wake usio na meno.

"Nafanya kazi maji," nikasema, nikanyamaza pale pale nilipofundishwa.

Mama Nukta akagonga meza kwa kidole, mara moja, kama alivyokuwa akigonga dawati la mtoto aliyekosea.

"Thententhi haijaitha," akasema.

Nilimtazama. Hakuwa anatania.

"Majitaka," nikasema. "Nafanya kazi majitaka."

"Nukta," akasema mama mkwe wangu, na hiyo aliitamka vizuri kabisa, maana haihitaji meno.